Kabati ndani ya gamba: Namna ya kujenga samani katika gari-nyumba la kale la faiba

SEREMALA aliyezoea kujenga kabati katika nyumba za mawe huingia kazini na mambo matatu asiyoyatilia shaka: ukuta umesimama wima, sakafu imelala sawa, na pembe ya chumba ni mraba. Akiitwa kujenga kabati ndani ya gari-nyumba la zamani lililoumbwa kwa faiba, mambo hayo yote matatu humponyoka siku ya kwanza.

Ukuta umejipinda kuanzia sakafuni hadi darini mithili ya ubavu wa mashua. Dari nayo ina mviringo. Gari lenyewe limeegeshwa mchangani, gurudumu moja limezama kidogo, na pimamaji iliyosema jambo moja asubuhi husema jingine alasiri.

Junju, katika eneo bunge la Kilifi Kusini kati ya Mtwapa na mji wa Kilifi, haiko mbali na watu wanaolifahamu tatizo hilo kwa urithi. Mafundi wa milango na vitanda wapo, lakini kazi hii inaelekea zaidi kwa waundaji wa vyombo vya bahari wa hori za Mtwapa, Takaungu na Kilifi. Mwunda mashua hajapata kukutana na ukuta ulionyooka maishani mwake. Mbinu anazotumia kulaza ubao juu ya mataruma ndizo zinazohitajika ndani ya gari la aina hii, na fundi wa nyumba asiyezijua hulipia ujinga huo kwa gamba la mwenzake.

Faiba inayozungumziwa hapa si ule waya wa intaneti, bali ni mkeka wa nyuzi nyembamba za kioo ulioloweshwa rezini, ukalazwa ndani ya kalibu na kuachwa ugande. Nyuzi hizo zilianza kutengenezwa kwa wingi nchini Marekani katika miaka ya 1930, na mwaka 1953 kampuni ya General Motors ilitoa Chevrolet Corvette, gari lenye bodi ya faiba. Muongo uliofuata Raymond Frank wa Brown City, jimbo la Michigan, aliyekuwa akijenga magari ya kuishi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliihamia faiba. Magari hayo ndiyo yaliyokuja kujulikana kwa jina la Travco. Nchini Kanada, Ray Olecko wa Winnipeg, ambaye tayari alikuwa amebuni tangi la maji taka la faiba, alitoa mwaka 1968 nyumba ndogo ya kukokotwa iitwayo Boler, iliyoumbwa kwa nusu mbili, ya juu na ya chini, zikafungwa pamoja kama yai. Kati ya 1973 na 1978 General Motors yenyewe iliunda karibu magari-nyumba 13,000 yenye bodi ya alumini na faiba.

Nchini Kenya magari hayo ni nadra. Kiwango cha KS 1515 huzuia uingizaji wa gari lililozidi miaka 8 tangu liundwe, na kwa kawaida gari lenye usukani wa kushoto halisajiliwi. Kwa hiyo gari-nyumba kuukuu linaloonekana Pwani ama liliingia zamani, ama ni la msafiri aliyelivusha mipakani kwa kibali cha muda, ama ni basi dogo lililovishwa paa la faiba hapa hapa nchini. Vyovyote iwavyo, gamba likiharibika hakuna duka la kununulia jingine. Injini hupatikana, magurudumu hupatikana, kabati hujengwa upya mara kumi; gamba ni moja tu. Hilo ndilo linalopasa kuongoza kila uamuzi wa fundi.

MAJI KWANZA

Kabati nyingi za asili katika magari haya hazikufa kwa uzee. Ziliuawa na maji. Mpira wa dirisha hukauka kwa jua, tundu la hewa la paani hupasuka, na matone huteremka nyuma ya kabati pasipo mtu kuyaona mpaka ubao wa takataka za mbao uliogandishwa kwa gundi uvimbe kama mkate ndani ya chai. Kung'oa kabati hilo na kuweka jipya bila kuziba tundu ni kumwandalia mgonjwa shuka safi badala ya dawa.

Uchunguzi wake ni mwepesi. Gari humwagiwa maji kwa mpira, sehemu moja moja, kuanzia chini kwenda juu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kisha sakafu na kuta hugongwa kwa mpini wa bisibisi: mahali pazima hutoa mlio mkali na mfupi, palipooza au palipoachana hutoa mlio mzito uliokufa, kama wa nazi mbovu. Wakaguzi wa mashua wamelitegemea sikio hilo kwa miaka mingi.

Anayefanya kazi hii Junju ana msaidizi asiyelipwa, nayo ni masika. Gari lililoachwa nje likanyeshewa katika Aprili na Mei bila kuvuja linastahili kabati.

KUCHUKUA UMBO

Pimamaji iwekwe kando. Ndani ya chombo kinachotembea, neno 'sawa' halina maana nyingine ila sawa na sakafu ya chombo hicho. Fundi hufunga uzi kutoka katikati ya kioo cha mbele hadi katikati ya ukuta wa nyuma, na uzi huo ndio unaokuwa mama wa vipimo vyote. Urefu hupimwa kutoka sakafuni, upana kutoka kwenye uzi. Upande wa kushoto na wa kulia hupimwa kila mmoja peke yake, kwa kuwa magamba mengi ya zamani hayalingani pande zote mbili. Yalilazwa kwa mikono na yalitolewa kalibuni yangali na joto.

Baada ya hapo huja kazi yenyewe, yaani kuhamisha mpindo wa ukuta hadi kwenye ubao. Wapo wanaobahatisha kwa macho, wakikata kidogo na kujaribisha, kisha kukata tena, hadi ubao uliokuwa wa kutosha unakuwa mfupi kwa vidole viwili. Plaiwudi haikui.

Njia rahisi ni kadibodi. Vipande vidogo vyenye ncha husukumwa hadi viguse ukuta na kugandishwa kimoja kimoja juu ya kipande kikubwa, hata mpindo wote uwe umechorwa kwa ncha hizo. Kwa mpindo mpole, bikari hutosha: mguu mmoja hutambaa ukutani, wa pili wenye kalamu huchora juu ya ubao uliosimamishwa karibu.

Lakini iliyo sahihi kuliko zote ni njia ya waunda vyombo, inayotumia fito yenye ncha upande mmoja na meno yasiyofanana ubavuni. Ubao chakavu husimamishwa imara karibu na ukuta. Fito huwekwa juu yake, ncha ikigusa ukuta, na fundi huchora mstari kuzunguka fito hiyo pamoja na meno yake. Hurudia hivyo kila baada ya sentimita chache, kuanzia sakafuni hadi darini. Akimaliza, hupeleka ubao ule chakavu nje kwenye kivuli cha mwembe, huulaza juu ya plaiwudi mpya, na kuirudisha fito katika kila mchoro. Kwa kuwa meno hayafanani, fito hukubali kukaa mahali pamoja tu. Pale ncha inapoangukia ndipo ulipo ukuta. Alama zikiunganishwa kwa utepe wa ubao mwembamba unaopinda, mpindo umepatikana bila tarakimu hata moja kuandikwa. Kwa njia hii kiambaza cha urefu wa mita 2 kinaweza kuingia mahali pake mara ya kwanza, ukingo wake ukifuata gamba kwa nafasi ya milimita chache.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi na huwa kichekesho cha karakana: mlango wa gari-nyumba ni mwembamba. Kabati lililoungwa lote nje na kupakwa vanishi ikang'aa huenda likabaki nje. Hujengwa kwa vipande vinavyopita mlangoni, kisha huunganishwa ndani.

KUSHIKA BILA KUTOBOA

Ukuta wa faiba katika magari hayo ni mwembamba, mara nyingi wa milimita chache tu. Skrubu haina cha kuuma humo. Ikifungwa itashika kwa muda, lakini mitikisiko ya barabara itapanua tundu, maji yataingia, na nyufa ndogo zenye umbo la nyota zitatokea nje. Matundu ya namna hiyo ndiyo huponza magamba mengi yaliyokwisha kudumu nusu karne.

Badala yake, vipande vya mbao ngumu hugandishwa ukutani kwa epoksi na kabati hufungwa kwa skrubu katika vipande hivyo. Kabati likichakaa hufunguliwa likatoka, na gamba hubaki lilivyokuwa. Kabla ya kugandisha, rangi na nta yote ya zamani hukwanguliwa kwa msasa mkavu wa chembe nene hadi nyuzi zionekane. Rezini ya kale imekwisha kuganda na haishikani vyema na rezini mpya ya aina ile ile ya bei nafuu. Epoksi hushika vizuri zaidi, na hapa si mahali pa kubana matumizi.

Kiambaza kinachogawa chumba huunganishwa na gamba kwa vitambaa vya nyuzi za kioo vilivyoloweshwa epoksi, pande zote mbili. Hapo upo mtego. Ukingo wa plaiwudi usiguse gamba. Huachwa nafasi ya milimita 5 hivi na kujazwa sponji ngumu, kisha pembe hulainishwa kwa epoksi nzito iliyochanganywa na unga wa mbao, na juu yake hulazwa vitambaa. Ukingo ukigusa moja kwa moja, kila shimo la barabarani litaugonga mahali pale pale, na baada ya miaka michache mstari utaonekana upande wa nje, kama mbavu za ng'ombe wakati wa kiangazi.

Joto nalo lina sehemu yake. Gamba la urefu wa mita 6 likipanda joto kwa nyuzi 30, jambo la kawaida kwa gari lililoegeshwa juani Pwani, hurefuka kwa milimita 4 hivi. Mbao hazirefuki kwa kiasi hicho. Kabati refu lililogandishwa kutoka mwanzo hadi mwisho litavuta, na kitakachoachia ni kile kilicho dhaifu. Ni heri kabati liwe la sehemu fupi fupi, kila moja na vishikizo vyake.

Hali ya hewa ya Pwani huisumbua epoksi kwa namna mbili. Joto huiharakisha, hivyo ikichanganywa nyingi katika kopo refu hujichemsha yenyewe na kuganda kabla ya kutumika. Huchanganywa kidogo kidogo katika sinia pana, na asubuhi mapema ndiyo saa nzuri. Unyevu nao huweza kuacha utando wa mafuta juu ya epoksi iliyoganda. Utando huo huoshwa kwa maji na kukaushwa kabla ya msasa au mpako wa pili, la sivyo mpako huo hubambuka kama ngozi iliyoungua jua.

MBAO NA UZITO

Mazoea ya Pwani huelekea mbao ngumu. Mvule na mbambakofi zina sifa zake katika milango na vyombo, na hakuna anayebisha. Ndani ya gari-nyumba, uzito wake ni adui. Ubao mmoja wa MDF wa futi 8 kwa 4 na unene wa milimita 18 hufikia kilo 40 hivi. Plaiwudi ya ukubwa huo huo yenye unene wa milimita 12 ni kama kilo 21. Kazi inayotumia mbao 10 hutofautiana kwa karibu kilo 190, sawa na kubeba abiria watatu wasiowahi kushuka. MDF ina kasoro nyingine mbaya zaidi katika eneo hili, nayo ni kunywa unyevu na kuvimba kingo.

Kwa hiyo kiunzi huwa cha mbao nyepesi iliyokauka, mfano msaiprasi, na kuta za kabati huwa za plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini. Kingo zote, hata zile zitakazofichika, hupakwa epoksi. Mbao ngumu hubakizwa kwa vipande vya kushikia skrubu, kingo za meza na vishikio, mahali ambapo kilo moja hufanya kazi ya kilo moja.

Miti ya mashambani Kilifi inafaa kutazamwa kabla ya kutuma mtu mjini. Mwembe hutoa ubao wenye rangi nzuri, lakini usipokaushwa upesi huingiwa na ukungu wa buluu na wadudu. Mwarobaini, wa ukoo mmoja na mkangazi, wachongaji wa Pwani huutumia, nao hupendeza kwa fremu ndogo za milango. Mvinje ni wa nguzo na fito. Ukipasuliwa mbao hujinyonga na kupasuka, na haufai humu. Mvule na mbambakofi za misituni zina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma, na usafirishaji wa mbao huhitaji kibali cha Huduma ya Misitu. Mlango wa nyumba iliyobomolewa ni chanzo halali na ubao wake umekauka kwa miaka mingi. Fundi ajihadhari tu na mawe madogo ya chokaa yanayojificha ndani ya mvule, ambayo hukomesha makali ya msumeno kwa sekunde moja.

Gari linalolala Junju leo na Nairobi kesho hupita kutoka unyevu wa bahari hadi hewa kavu ya nyanda za juu. Mlango wa ubao mmoja mpana utavimba huku na kusinyaa kule. Jibu la mafundi wa kale lingali zuri: fremu yenye mfuo, na kidirisha cha ubao mwembamba kinachoelea ndani yake bila gundi.

Nyuma ya kila kabati iachwe njia ya hewa, matundu chini na juu. Kabati lililofungwa kabisa dhidi ya ukuta wa faiba hutokwa jasho usiku, na nguo huota ukungu. Bawaba na skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Za kawaida hewa ya chumvi huzila upesi na kuacha machozi ya kahawia juu ya mbao.

VUMBI

Hapa hakuna mzaha. Vumbi la faiba ni chembe za kioo, na fundi anayelipiga msasa akiwa ndani ya gari lililofungwa, kitambaa kimefungwa puani, hajajikinga. Inahitajika barakoa ya kuchuja vumbi laini, miwani, mikono mirefu, na milango yote wazi. Kukwangua kwa maji hupunguza vumbi sana pale inapowezekana. Vumbi la mvule na la mbambakofi nalo huwasha mapafu na ngozi.

Rezini ya bei nafuu hutoa mvuke unaolevya na kushika moto kwa urahisi, na kigandishi chake, ambacho huchanganywa kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 tu, tone moja laweza kupofusha jicho. Ndoo ya maji safi iwekwe karibu kabla kopo halijafunguliwa. Watoto, ambao hupenda kulizunguka gari geni lililoegeshwa mtaani, wawekwe mbali.

BARABARANI

Kabati la nyumbani hufungwa ili watoto wasifikie sukari. La gari hufungwa ili sufuria isimfikie dereva. Sumaku ndogo za milango hazitoshi mbele ya matuta ya barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi. Panahitajika komeo la kubonyeza linaloshika lenyewe. Droo hutengenezewa mfuo mbele ili lazima zinyanyuliwe kidogo kabla ya kuvutwa. Rafu huwekewa ukingo wa vidole viwili. Vitu vizito, yaani betri, tangi la maji na makopo ya chakula, hukaa chini, kati ya ekseli mbili, na uzito wa kushoto ulingane na wa kulia. Kabati za juu ni za nguo na vyombo vyepesi.

Mtungi wa gesi ya kupikia hujengewa chumba chake kisichopitisha hewa kuingia ndani ya gari, chenye tundu sakafuni linalotokea nje. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia chini, na kabati la kawaida huigeuza kuwa bomu lililofungwa mlango. Waya za umeme nazo zipitishwe kabla kabati halijafungwa, ndani ya mirija inayoweza kufikiwa.

Mwenye gari aliyebadilisha bodi au matumizi yake, mathalani kutoka basi dogo la abiria hadi gari la kuishi, anatakiwa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) ili hati za usajili zirekebishwe. Bima pia hutaka kujua.

Kazi ikikamilika, gari hupelekwa safari fupi likiwa na mizigo yake yote: kwenda Kilifi na kurudi, kwa mfano, kisha kipande cha barabara ya vumbi. Mtu mmoja hukaa nyuma akisikiliza. Likirudi, kila mlango hufunguliwa. Unga mwembamba wa mbao chini ya kiungo huonyesha mahali panaposuguana, na skrubu zote hukazwa upya kabla vanishi ya mwisho haijapakwa.